Mali Kauli: Mizani ya Duka Lisilo na Mlango

Mmeniomba nizungumzie duka la mtandaoni, nami nimekuja na mizani ya sahani mbili, hii mnayoiona hapa mbele, kwa sababu sijui pengine pa kuanzia.

Mizani hii ilikuwa ya marehemu baba yangu. Alikuwa na duka Ngamiani, Tanga, duka la mlango mmoja: sukari, unga, mafuta ya taa, majani ya chai, sabuni ya mche. Sukari ilipimwa robo na nusu, ikafungwa kwenye gazeti lililokunjwa mfano wa pembe. Wenye maduka wengi waliiweka mizani ndani, karibu na tumbo lao. Baba aliiweka ukingoni mwa meza, upande wa mteja, na sahani zilipokaribia kulingana aliinua mikono yote miwili juu, akaziacha zitulie zenyewe. Ndipo alipotia kijiko cha nyongeza. Siku moja nilimwuliza kwa nini anainua mikono. Akaniambia: mtoto anayetumwa sukari hajui kusoma mizani, lakini mkono anauona.

Mimi leo nauza khanga na vitenge kwa simu. Duka langu halina mlango. Mteja yuko Mwanza, yuko Songea, yuko Muscat, na mkono wangu haoni. Jambo nililokuja kulisema ni hili: mtandao haukutuletea biashara mpya, umemwondolea mteja jicho na kiganja chake tu. Kazi yote iliyokuwa ikifanywa na jicho na kiganja sasa imehamia kwenye kauli ya muuzaji, na kauli hiyo isipokuwa na uzito, duka halipo, hata likiwa na wafuasi elfu hamsini.

Nitawapa kisa changu. Mwaka wangu wa kwanza, mama mmoja wa Mwanza aliagiza doti 20, sare ya harusi ya bintiye. Picha nilikuwa nimeipiga usiku, chini ya taa ya njano ya sebuleni. Kwenye simu khanga ilionekana ya rangi ya maziwa yenye maua ya dhahabu. Zilipofika kwake zilikuwa nyeupe pe, na maua manjano makali kama ndimu iliyoiva. Hakunitukana. Alizitandaza barazani juani, akapiga picha, akanitumia na maneno matatu: “Mwanangu, ndiyo hii?” Harusi ilikuwa siku nne mbele. Muda wa kubadilisha haukuwapo, wakazivaa hivyo hivyo. Nilimrudishia nusu ya fedha zake, na nusu hiyo ilikuwa kubwa kuliko faida yangu yote ya mwezi ule.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba sikuwa nimesema uongo. Khanga zilikuwa pamba safi, hazichuji, na bei ilikuwa ya haki. Lakini nilikuwa nimeiweka mizani karibu na tumbo langu. Mimi nilijua rangi yake halisi, yeye hakuwa na njia ya kuijua, nami sikujisumbua kumpa njia hiyo.

Wapo wanaodhani kuuziana bila kuonana kumekuja na simu. Pwani yetu iliishi hivyo karne nyingi. Majahazi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na aliyeagiza mzigo ng'ambo alisubiri msimu ugeuke ndipo ajue alichotumiwa. Karne ya 19 nguo ya merikani ilifumwa Massachusetts ikaja Unguja kwa meli za wafanyabiashara wa Salem. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akaja kukaa Unguja kama konseli wao wa kwanza. Nguo ikapewa jina la nchi ilikotoka. Kutoka Unguja na Bagamoyo ikapakiwa kwenye misafara ya Tabora na Ujiji, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa ya mkopo. Shanga nazo zilikwenda hivyo, na shanga zilikuwa na tabu yake: kila nchi ya bara ilikuwa na aina yake inayotakiwa, na upendeleo ulibadilika. Aliyefika na rangi isiyopendwa msimu ule alikwama na mizigo ambayo wapagazi walikwisha kuibeba miezi mitatu. Kwa hiyo mwenye akili aliuliza kwanza kwa waliotoka bara, kisha ndiyo akanunua.

Sisi tunayo simu inayotupa jibu kwa dakika tano, na bado tunajaza chumba khanga ambazo hatukumwuliza mtu.

Katika biashara hiyo ya masafa, wakubwa wetu walikuwa na neno ambalo hadi leo linatembea Kariakoo: mali kauli. Tajiri anakupa mzigo, huweki rehani, unaondoka nao. Unachoacha dukani kwake ni neno lako kwamba ukiuza utaleta fedha. Mtu aliyepewa mali kauli alitembea na jina lake kama mtu aliyebeba yai. Sasa tazameni lililotokea mtandaoni. Mteja anatuma fedha kwanza, mali haijatoka kwako, na anachobaki nacho mkononi ni ujumbe wako usemao “nimepokea dada, kesho natuma”. Upande umegeuka. Mteja ndiye tajiri aliyetoa kwa kauli, na mwenye duka ndiye mkopaji. Vijana wengi niliokutana nao hawajalielewa hili. Wanapokea fedha na kuhisi wameuza, kumbe wamekopa.

Sheria ya Kiislamu ina mlango mzima wa mauzo ya namna hii, nao unaitwa salam: fedha inalipwa yote leo, mali inakuja baadaye. Wanazuoni wameikubali kwa sababu watu wanaihitaji, lakini wakaifunga kwa masharti. Mali ielezwe aina yake, sifa zake na kiasi chake mpaka pasiwe na nafasi ya ugomvi, na siku ya kuipokea ijulikane. Nayasoma masharti hayo kama mtu anayesoma maelekezo ya ukurasa wa duka langu. Khanga: pamba tupu au imechanganywa? Upana wake, urefu wa doti? Jina lake linasomekaje? Inachuja au haichuji? Imeshapindwa au bado? Itapakiwa basi la lini? Tunaandika “mzigo mpya umeshuka, mali kali sana”, tunaweka alama tano za moto, na mteja hajaambiwa hata kimoja katika hivyo.

Khanga ni mwalimu mzuri hapa. Pale Mombasa kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, na khanga zake zinachapwa alama inayosema “Mali ya Abdulla”. Bibi zetu wakiingia sokoni waliitaja kwa jina hilo. Hawakumjua Abdulla. Alama ile ilikuwa kauli iliyochapwa juu ya nguo: mwenyewe yupo, ana jina, na khanga ikichuja unajua pa kurudi. Kabla hatujafikiria kulipia matangazo, tujiulize kama mteja wetu anajua pa kurudi. Kurasa nyingi hazina jina la mtu, hazina mtaa, zina namba ya simu tu, tena ya WhatsApp pekee isiyopokea simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda mlaji, na hata isingekuwapo, mwenye duka asiyejitambulisha mzee wa Ngamiani asingempa hata senti ya kiberiti.

Nije kwenye bei, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nimebishana na watu sana juu yake. Mnazijua kurasa za “bei njoo inboksi”. Kijana mmoja aliniambia: mama, huo ndio utamaduni wetu, sokoni hatubandiki bei, tunapatana. Ni hoja ya kweli, nikaiheshimu. Mimi mwenyewe nimekua nikisikia watu wakipatana kuanzia asubuhi, na kupatana kuna raha yake na heshima yake. Lakini fikirini kupatana kulivyokuwa. Khanga iko mezani, unaigusa. Jirani amesimama pembeni anasikia bei uliyotajiwa, na pengine anakukonyeza. Duka la pili liko hatua tatu, ukiondoka mwenye duka anakuita “njoo basi, toa yako”. Mteja alikuwa na silaha zote hizo. Ukimwita inboksi unamnyang'anya moja baada ya nyingine: hakuna jirani, hakuna meza ya pili, na wewe umeshaitazama picha yake, umeona gari nyuma yake, ukaongeza elfu tano. Huko si kupatana, ni kumpima mteja badala ya kumpimia mali.

Mwaka 1872 kule Chicago, mtu aitwaye Aaron Montgomery Ward alianza kuwauzia wakulima bidhaa kwa njia ya posta. Wakulima wale walikuwa mbali, hawamjui, na wenye maduka ya vijijini walikuwa wakiwaambia kwamba ni tapeli. Ward alitoa orodha iliyochapwa, kila kitu na bei yake, mkulima wa mashariki na wa magharibi wanasoma bei ile ile. Baada ya miaka mitatu akaahidi kwamba asiyeridhika atarudishiwa fedha. Tatizo lake lilikuwa hili hili letu, na dawa yake ilikuwa kuinua mikono ionekane.

Hiyo ahadi ya kurudisha inanipeleka kwenye jambo ambalo lazima nilikiri. Si kila desturi ya duka la zamani inafaa kuhamishwa. Kwenye ukuta wa baba kulikuwa na kibao: “Mali ikishauzwa hairudishwi.” Kipo hata leo kwenye risiti za maduka mengi. Nilikichukua kama kilivyo nikakiweka kwenye ukurasa wangu siku ya kwanza, nikajiona mtoto wa dukani kweli kweli. Kisa cha Mwanza ndicho kilichonifanya nikifikirie. Baba alikuwa na haki ya kukitundika, kwa sababu mteja wake alikuwa ameinusa ile sabuni, ameuonja mchele, ameigeuza sufuria juu chini. Alichukua akiwa ameona. Wanazuoni wa Kihanafi walishalitenganisha jambo hili zamani: aliyenunua kitu ambacho hajakiona ana hiari ya kukiacha akikiona. Kibao cha baba kilikuwa na sababu chini yake, na sababu hiyo haipo mtandaoni. Nimekifuta. Sasa mteja ana siku tatu tangu mzigo kumfikia, khanga isiwe imefuliwa wala kukatwa, nauli ya kurudisha ni yangu kama kosa ni langu na ni yake kama amebadili mawazo. Wenzangu waliniambia nitafilisika. Zinarudi chache, na nyingi zinazorudi zina sababu ambayo hata mimi ingenifanya nirudishe.

Wale wanaouza mali ambayo hawana niwaambie neno kwa upendo. Kariakoo kuna mawinga, na uwinga ni kazi halali: anajua duka gani lina nini, anampeleka mteja, anapata chake. Mtandaoni winga amekuwa na picha za maduka arobaini kwenye simu yake. Mteja analipa leo, winga anakwenda Mtaa wa Kongo kesho, anakuta ule muundo umekwisha tangu Jumanne. Hapo ndipo maneno yanapoanza: “mzigo uko njiani”, “dereva hapatikani”, “kuna msiba”. Hakuwa mwizi alipoanza asubuhi. Alichukua fedha kwa mali ambayo hakuiona siku hiyo, na kila neno alilosema baada ya hapo likamsogeza kwenye wizi. Dawa yake ni simu moja: piga dukani kabla hujamtajia mteja namba ya kulipia, mwambie muuzaji akuwekee pembeni. Na ukiwa winga, sema kwamba wewe ni winga. Wateja hawachukii. Wanalipia miguu yako, si uongo wako.

Sasa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nimeuona ukweli wake kwenye duka la baba na kwenye simu yangu. Baba alikuwa na makopo mawili, la duka na la nyumbani. Mama akija kuchukua sukari ya chai yetu sisi wenyewe, iliandikwa kwenye daftari kama ya mteja mwingine, na mwisho wa mwezi ililipwa kutoka kopo la nyumbani. Nilidhani ni ubahili. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ilitupa pochi ambayo haina makopo mawili. Fedha ya khanga inaingia saa nne, saa sita umelipia luku, saa kumi umemtumia mdogo wako nauli, na usiku unatazama salio na kusema biashara ni ngumu. Chukua laini nyingine ya duka, au Lipa Namba, ukae ukijua kwamba kilichomo humo si chako mpaka umefunga hesabu.

Na hesabu yenyewe iwe ya kweli. Niwape mfano wa kitabu changu, namba nimezifanya nyepesi. Nanunua doti 20 kwa shilingi 11,000 kila moja, jumla 220,000. Naziuza kwa 15,000, napata 300,000. Kijana ataniambia nimepata faida ya 80,000. Haya tuhesabu. Mifuko ya kufungia, 300 kila mmoja, ni 6,000. Bando la wiki mbili, 10,000. Tangazo la kulipia, 20,000. Bodaboda kwenda stendi mara sita kwa 2,000, ni 12,000. Makato ya kutoa fedha, tuseme 6,000. Doti moja ina doa, nimeiuza 8,000 badala ya 15,000, zimepotea 7,000. Jumla 61,000. Imebaki 19,000 kwa kazi ya siku kumi na nne, na sijajilipa mimi mwenyewe. Hesabu hii niliipiga baada ya miezi minane ya kuuza, na miezi yote hiyo nilikuwa nikiwasimulia watu kwamba nina duka linalokwenda vizuri. Ilinibidi nipunguze tangazo, nipeleke mizigo stendi siku mbili tu kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na niwaambie wateja siku hizo mapema. Hakuna aliyenikimbia kwa kuambiwa asubiri hadi Ijumaa. Wanaokimbia ni wale walioambiwa “leo” ikawa wiki ijayo.

Mwezi Novemba 2019 Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania, ikisema inaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Ilikuwa kampuni kubwa, mwezi Aprili mwaka ule ule hisa zake zilikuwa zimeingia soko la New York. Sichekelei, kuna watu walipoteza kazi. Nalitaja kwa sababu kampuni ya ukubwa ule ina masoko mengine ya kwenda. Sisi hatuna. Mteja wangu wa Mwanza ana shangazi Tanga, na shangazi huyo anajua kwetu.

Kuna jambo la siri pia. Kwenye daftari la baba kulikuwa na madeni ya mtaa mzima: mwalimu, shehe, fundi cherehani. Alilifunga na kulitia kwenye droo, na hata sisi watoto hatukuruhusiwa kulifungua. Leo muuzaji anapiga picha mazungumzo ya mteja, jina na namba vikiwa wazi, anairusha kwenye stetasi kama ushuhuda. Mwingine anamwanika mdaiwa wa shilingi elfu thelathini mbele ya watu elfu kumi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, lakini mimi nasema habari hii kwa sababu ya ile droo. Namba ya simu ya mteja na mtaa anaokaa ni amana aliyokupa ili mzigo umfikie. Kazi hiyo ikiisha, ruhusa ya kuitumia nayo imekwisha.

Picha za duka langu sasa napiga saa nne asubuhi, karibu na dirisha la kusini, taa zote zimezimwa. Moja ya khanga nzima iliyotandazwa, moja ya pindo, moja ya jina lisomeke herufi kwa herufi, na ya nne ya kitambaa kikiwa juu ya kiganja changu ili uzito wake uonekane. Kama kuna uzi ulioruka, unapigwa picha yake peke yake. Watu wamenishauri nisionyeshe kiganja, wanasema kinaharibu urembo wa ukurasa. Nimekataa.

Yule mama wa Mwanza alikaa kimya karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita simu ililia, ni yeye. Binti wa pili anaolewa. Anataka doti 40. Nikamwambia mama, subiri nikutumie picha kumi uchague. Akanijibu: “Nichagulie wewe, nitumie namba nikulipe sasa hivi.” Sikumtumia namba siku hiyo. Asubuhi yake nilikwenda kwa muuzaji wa jumla, nikamwomba ruhusa, nikazitoa nje moja moja hadi zikatimia 40, nikazifungua zote juani.